Nyekundu Yako Si Nyekundu Yangu: Historia ya Kusaka Rangi Isiyobadilika

Msomaji, kabla hatujaenda mbali, jiulize swali moja. Chukua picha ya leso nyekundu. Ifungue kwenye simu yako, kisha kwenye laptopu ya ofisini, kisha kwenye kompyuta ya saiba iliyo karibu nawe. Mwisho, ipeleke kwa wachapishaji wa River Road wakutolee nakala mia moja. Je, utakuwa na nyekundu ngapi?

Nne. Huenda hata tano, kwa sababu leso yenyewe iliyo mkononi mwako ina nyekundu yake ambayo haifanani na yoyote kati ya hizo nyingine.

Na faili ni ileile! Hakuna virusi, hakuna aliyeichezea. Ukiifungua kwa programu utakuta pikseli ileile ina nambari zilezile, tuseme 200, 30 na 45. Watu wengi hulaumu simu, au fundi wa kuchapisha. Mwenye duka la leso anayeuza kupitia simu hulaumiwa na wateja wake: "Mbona umeniletea damu ya mzee na mimi niliona nyekundu?" Kumbe hakuna aliyedanganya.

Tatizo hili ni la zamani kuliko kompyuta. Historia yake ina Mskoti mmoja na utepe wake, watu kumi na saba waliochungulia kiduara cha nuru, mwanamke wa Kodak aitwaye Shirley, na kosa la kunakili tarakimu ambalo mpaka leo limo ndani ya kamera nyingi. Leo nataka tuipitie pole pole. Chukua chai, tuanze.

Mskoti na utepe wake

Tarehe 17 Mei 1861, mwanafizikia James Clerk Maxwell alisimama mbele ya watu katika Royal Institution, London. Alitaka kuthibitisha kwamba jicho la binadamu linahitaji nuru za aina tatu tu ili kuona rangi zote: nyekundu, kijani na buluu. Mpiga picha Thomas Sutton alikuwa amempigia picha tatu za utepe wa kitambaa cha Kiskoti chenye mirabaraba. Kila picha ilipigwa kupitia kichujio cha rangi moja kati ya hizo tatu. Maxwell akazimulika picha zote tatu ukutani kwa taa tatu, kila taa na kichujio chake, zikalaliana. Utepe ukaonekana kwa rangi.

Hiyo inahesabiwa kuwa picha ya kwanza ya rangi iliyoonyeshwa kwa njia hiyo. Na simu yako leo inafanya jambo lilelile. Ukiiangalia skrini kwa kioo cha kukuza utaona vijitaa vya nyekundu, kijani na buluu. Mambo ya Maxwell, ila yamepunguzwa ukubwa.

Lakini kuna kichekesho. Sahani za picha za wakati ule hazikuweza kabisa kuhisi nuru nyekundu. Kwa haki, jaribio lile lingepaswa kushindwa. Miaka 100 baadaye, mwaka 1961, watafiti wa Kodak walilirudia wakagundua siri yake: kitambaa chekundu kilikuwa kinaakisi pia miali ya urujuanimno, ambayo macho hayaioni lakini sahani ziliihisi, na kichujio chekundu kiliipitisha. Sahani ilirekodi kitu kingine kabisa, na kwa bahati kilikuwa mahali pale pale palipokuwa na nyekundu.

Kwa hiyo picha ya kwanza ya rangi ilikuwa pia mfano wa kwanza wa kifaa kuona kitu tofauti na jicho. Weka hilo akilini, kwa sababu ndilo kiini cha hadithi yote.

Watu kumi na saba

Nambari 200, 30, 45 ni amri tu. Inaiambia skrini: washa nyekundu kwa nguvu hii, kijani kwa nguvu hii, buluu kwa nguvu hii. Haisemi nyekundu *ipi*. Ni kama kumwambia mpishi atie vijiko viwili vya chumvi bila kumwambia ukubwa wa kijiko. Ili tuelewane, tunahitaji kipimo kisichotegemea kijiko cha mtu yeyote.

Kipimo hicho kilipatikana Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1920. Watafiti wawili, W. David Wright na John Guild, walifanya majaribio yanayofanana lakini kila mmoja kivyake. Mtu alikaa kwenye giza akitazama kiduara kidogo cha nuru, upana wake nyuzi 2 za mtazamo, takriban ukubwa wa ukucha wa kidole gumba ukinyoosha mkono. Nusu ya kiduara ilikuwa na rangi ya kupimwa. Nusu nyingine ilikuwa mchanganyiko wa nyekundu, kijani na buluu. Mtazamaji alizungusha vishikio mpaka nusu zote mbili zikafanana na mpaka kati yake ukapotea. Vipimo vikaandikwa. Kisha rangi inayofuata. Kisha inayofuata tena.

Wright alitumia watazamaji 10, Guild 7. Jumla 17. Vyombo vyao vilikuwa tofauti, lakini walipobadilisha matokeo yao kwa hesabu yakakaribiana sana. Mwaka 1931, tume ya kimataifa ya mwangaza, CIE, ilikutana Cambridge na kupitisha wastani wa watu hao 17 uwe "mtazamaji wa kawaida". Kuanzia hapo kila rangi ikaweza kuandikwa kwa nambari tatu, X, Y na Z, ambazo hazitegemei taa, wino wala skrini yoyote. Zinategemea jicho.

Hebu tafakari jambo hili. Hesabu ya rangi iliyomo ndani ya simu yako leo, kamera yako, televisheni yako, inarudi mpaka kwa macho ya watu 17 waliokaa gizani Uingereza karibu miaka mia moja iliyopita. Wengi hushangaa kwamba watu wachache hivyo wametosha. Wametosha kwa sababu kazi ilikuwa kupima, si kupenda. Hakuna aliyeulizwa "ipi ni nzuri zaidi?" Waliulizwa "je, hizi mbili zinafanana?" basi. Tutaona muda si mrefu kinachotokea pale swali linapogeuzwa.

CIE 1931 haikukamilika. Mwaka 1942 David MacAdam wa Kodak alionyesha kwamba umbali kwenye mchoro wa CIE hauendi sawa na jicho: kwenye kijani unaweza kusogea mbali bila mtu kuona tofauti, kwenye buluu hatua ndogo tu inaonekana. Ndiyo maana mwaka 1976 CIE ikatoa mfumo mwingine, Lab, unaojaribu kufanya hatua sawa za nambari ziwe hatua sawa za macho. Kama umewahi kuona neno "Lab" ndani ya Photoshop ukadhani ni maabara, sasa unajua.

Televisheni na kitufe cha rangi

Kuwa na kipimo ni jambo moja, kukitumia ni jambo jingine. Marekani ilipitisha mfumo wa televisheni ya rangi, NTSC, mwezi Desemba 1953. Karatasi zilieleza wazi rangi za fosfa za ndani ya kioo ziwe zipi. Watengenezaji wakaanza hivyo, kisha wakabadilisha fosfa ili kioo kiwe na mwangaza zaidi, maana televisheni inayong'aa ndiyo inayouzika dukani. Juu ya hapo ishara yenyewe ilikuwa inapotoka njiani, kiasi kwamba seti ziliwekewa kitufe cha mtazamaji kurekebisha rangi mwenyewe. Mafundi wa Marekani wakatania kwamba herufi NTSC maana yake ni "rangi haiji ileile mara mbili". Mfumo wa PAL, ambao ndio uliotumika Kenya na Tanzania, ulibuniwa Ujerumani na Walter Bruch mapema miaka ya 1960 hasa kutibu ugonjwa huo wa njiani.

Funzo la hapa ni la kibiashara: kila mtengenezaji anapenda kiwango cha pamoja mpaka siku kinapomzuia kumshinda jirani yake. Tutalikuta tena kwenye simu.

Shirley

Sasa tufike kwenye sehemu inayotuhusu sisi moja kwa moja.

Mwaka 1954, kwa makubaliano na serikali ya Marekani katika kesi ya kuhodhi soko, Kodak ililazimika kutenganisha uuzaji wa filamu na huduma ya kuisafisha. Studio nyingi za kujitegemea zikaanza kuchapisha picha za rangi. Zilihitaji kitu cha kusawazishia mashine zao, na Kodak ikawa inawapa kadi ya mfano: picha ya mwanamke mweupe, nguo za rangi kali, na mara nyingine neno "kawaida" limeandikwa pembeni. Wa kwanza alikuwa mfanyakazi wa Kodak aitwaye Shirley. Waliomfuata walikuwa na majina mengine, lakini kadi zote ziliitwa "Shirley".

Fundi alichapisha kadi, akailinganisha na ile ya Kodak, akarekebisha mashine mpaka ngozi ya Shirley ikatoka vizuri. Ngozi ya Shirley ikitoka sawa, mashine iko sawa. Kazi kwisha.

Na ngozi nyeusi je? Unajua jibu kama uliwahi kuona picha za zamani za darasa zenye watoto weupe na weusi pamoja. Weupe wana nyuso. Weusi wana meno na macho. Filamu yenyewe ilikuwa haishiki vizuri tofauti ndogo ndogo za kahawia na weusi, na mashine ya kuchapisha ilikuwa imesawazishwa kwa mtu mwingine.

Profesa Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia, Montreal, aliichunguza historia hii akawahoji waliokuwa wafanyakazi wa Kodak. Walimweleza kwamba kilichoisukuma kampuni kuboresha kahawia hakikuwa malalamiko ya wazazi wa watoto weusi. Walikuwa ni watengenezaji wa chokoleti, ambao matangazo yao hayakutofautisha chokoleti nyeusi na ya maziwa, na watengenezaji wa samani za mbao, ambao mbao zao zote zilitoka rangi moja. Kadi ya Kodak yenye wanawake wa rangi mbalimbali za ngozi ilikuja katika miaka ya 1990.

Rudi sasa kwa wale watu 17. Wote walikuwa Uingereza, na bado kazi yao inatufaa sisi pia, kwa sababu walipima. Kadi ya Shirley haikupima kitu. Ilichagua. Ilichukua uso mmoja ikasema "huyu ndiye kawaida", na kila aliye mbali na uso huo akalipa gharama. Huwezi kuona upendeleo huo kwenye nambari, umefichwa ndani ya neno "kawaida". Sisi tunaoandika programu tuliogope sana neno hilo. Kila thamani ya chaguo-msingi unayoiandika kwenye kodi yako ni kadi ndogo ya Shirley.

Kompyuta zaingia: nusu ni ngapi?

Photoshop 1.0 ya ndugu Thomas na John Knoll ilitoka Februari 1990, ya Macintosh pekee. Kazi iliyohitaji mashine za mamilioni ya pesa ikawezekana mezani. Lakini hapo awali programu haikuwa na elimu yoyote ya skrini yako. Ulichokiona ndicho ulichorekebisha, na ulichokiona kilitegemea monita uliyonunua.

Tofauti maarufu zaidi ilikuwa ya gama. Skrini za kioo kinene cha zamani hazikutoa nuru kwa uwiano na nambari. Ukizipa nusu ya nguvu hazitoi nusu ya nuru, zinatoa chini sana. Kompyuta za Windows ziliacha hali hiyo ilivyo, na kwa jumla gama ilikuwa takriban 2.2. Macintosh zilirekebisha ishara ili gama iwe 1.8, ikaribiane na jinsi picha ilivyotoka kwenye printa.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua kijivu cha 128 kati ya 255. Kwa gama ya 1.8 unapata takriban asilimia 29 ya nuru yote. Kwa gama ya 2.2 unapata takriban asilimia 22. Nambari moja, nuru mbili! Kwa hiyo mbunifu wa tovuti aliyefanya kazi kwenye Mac aliona picha safi, na msomaji wa Windows akaona giza. Picha ikiwa na mtu mweusi kwenye kivuli, hizo asilimia saba ndizo zilizokuwa na uso wake. Apple ilihamia 2.2 na toleo la Snow Leopard, Agosti 2009.

Lugha ya sokoni

Basi suluhisho ni nini? Wazo la kwanza la mhandisi ni kutengeneza mkalimani kati ya kila kifaa na kingine. Skana hii na printa ile, kamera ile na monita hii. Piga hesabu: vifaa 10 vikitaka kusemezana kila kimoja na kila kingine, unahitaji wakalimani 90, maana kwenda ni mmoja na kurudi ni mwingine. Ukileta kifaa cha 11 unaongeza wakalimani 20. Hiyo kazi haiishi.

Lakini sisi tulishalitatua tatizo hili zamani, tena bila kompyuta. Nenda soko la Kongowea, Mombasa. Mgiriama anauza, Mkamba ananunua, Mjaluo anabeba, Msomali anasafirisha. Hakuna anayejifunza lugha tatu za wenzake. Kila mmoja anajua yake na Kiswahili, biashara inaenda.

Ndivyo walivyofanya. Mwaka 1993 Apple ilitoa ColorSync, na mwaka huohuo kampuni nane zikaunda shirika la ICC: Adobe, Agfa, Apple, Kodak, Microsoft, Silicon Graphics, Sun Microsystems na Taligent. Wakakubaliana kwamba kila kifaa kiwe na faili yake ndogo iitwayo profaili. Profaili inasema: "nambari zangu mimi, kwa lugha ya CIE, maana yake ni hii". Lugha ya sokoni ni ileile XYZ ya 1931, au Lab ya 1976. Kamera inatafsiri kwenda lugha ya sokoni, printa inatafsiri kutoka lugha ya sokoni. Vifaa 10, profaili 10. Kifaa cha 11 kinakuja na yake moja. Mwaka 2005 mpango huu ukawa kiwango cha kimataifa, ISO 15076-1.

Profaili zinajibu pia swali gumu zaidi: ufanye nini rangi ikiwa *haipo* upande wa pili? Kijani kikali cha skrini hakiwezi kutengenezwa kwa wino wa kawaida wa printa. Kuna njia nne zilizowekwa. Mbili kubwa ni hizi: ubane rangi zote kwa pamoja ili uhusiano wake ubaki, au uache zinazowezekana zilivyo na zile zilizozidi uzivute mpaka mpakani. Ya kwanza hufaa picha nyingi zenye rangi kali. Ya pili hufaa pale unapotaka rangi zinazowezekana zitoke kama zilivyo. Hakuna njia isiyopoteza kitu. Aliyekuahidi kwamba karatasi itafanana na skrini mia kwa mia, mwogope.

Kiwango cha watu wote, na kosa lililogeuka kiwango

Kwa intaneti, profaili zilionekana mzigo. Miaka ya 1990 watu walikuwa wanahesabu kila kilobaiti, na skrini nyingi zilionyesha rangi 256 tu. (Wakongwe mtakumbuka zile rangi 216 "salama" za wavuti, sita mara sita mara sita, 00, 33, 66, 99, CC, FF. Tuliokuja baadaye tumezikuta kwenye vitabu.)

Mwaka 1996 HP na Microsoft zikapendekeza njia ya mkato: sRGB. Badala ya kila faili kubeba profaili, tukubaliane kwamba faili isiyosema kitu ihesabiwe imetengenezwa kwa skrini moja ya kubuni, yenye tabia za monita ya wastani ya wakati ule. HTML 4.0 ilifuata mkondo huo mwaka 1997, na mwaka 1999 sRGB ikawa kiwango rasmi cha IEC. Ni wazo rahisi, na ndilo lililoshinda. Gharama yake ni kwamba ilifunga wavuti ndani ya uwezo wa monita za 1996, takriban theluthi moja ya eneo la mchoro wa CIE.

Watu wa uchapishaji hawakufurahi, kwa sababu wino wa samawati na kijani unafika mahali sRGB haifiki. Hapo ndipo inakuja hadithi ninayoipenda kuliko zote.

Photoshop 5.0 ilitoka mwaka 1998, na kwa mara ya kwanza ilitenganisha rangi za kuhariria na rangi za monita. Adobe waliweka chaguo kadhaa, mojawapo wakilichukua kutoka karatasi za kiwango cha televisheni kiitwacho SMPTE 240M. Baadaye ikagundulika kwamba nambari walizochukua hazikuwa za kiwango chenyewe, zilikuwa za mfano bora tu uliotajwa kwenye kiambatisho. Na tena, wakati wa kuzinakili, nambari ya nyekundu ilikosewa.

Kurekebisha? Too late, kama tunavyosema Nairobi. Watu walikuwa wameshaanza kuitumia, na walikuwa wameipenda kwa sababu ilibeba rangi nyingi za uchapishaji. Adobe walijaribu njia mbalimbali za kurekebisha, mwishowe wakaamua kuiacha ilivyo na kubadilisha jina tu. Ndiyo "Adobe RGB (1998)" unayoiona kwenye menyu ya kamera mpaka leo. Jambo dogo la kufurahisha: kuanzia kanuni za DCF za 2003, kamera iliyowekwa kwenye Adobe RGB huanzisha jina la faili kwa mstari wa chini, kama _DSC badala ya DSC_. Ukiletewa picha za harusi zenye majina hayo, usizipandishe kwenye tovuti kabla ya kuzigeuza, la sivyo bibi harusi anaweza kutoka amepauka.

Kila mwandishi wa programu anaijua hali hii. Mdudu akikaa mwezi mmoja ni aibu. Akikaa mwaka mmoja ana wategemezi. Akipewa jina na mwaka kwenye mabano, huyo ni kiwango.

Vivinjari na simu

Kuwa na profaili ndani ya faili hakusaidii kama anayefungua haisomi. Safari ilizisoma mapema. Firefox 3 ya mwaka 2008 ilikuwa na uwezo huo lakini umezimwa, na Firefox 3.5 ya 2009 ikauwasha kwa picha zenye profaili. Kwa miaka mingi, basi, picha ileile kwenye kompyuta ileile ilitofautiana kwa kivinjari tu.

Kisha skrini zikapanuka. Apple ilileta rangi pana za P3 kwenye iMac mwaka 2015 na kwenye iPhone 7 mwaka 2016, kamera na skrini pamoja. Android ikapata usimamizi wa rangi kwenye toleo la 8.0, mwaka 2017. Mwaka huohuo Google ilitoa Pixel 2 XL yenye skrini iliyoonyesha sRGB kwa uaminifu, na wanunuzi wakalalamika kwamba rangi zimefifia! Walikuwa wamezoea simu zinazokoleza kila kitu. Google ikaongeza chaguo la rangi zilizokolezwa. Unaona? Yaleyale ya televisheni za 1953: dukani usahihi haung'ai.

Na Shirley je? Amestaafu, lakini hajafa. Siku hizi kamera ya simu haisubiri fundi wa studio, programu ndiyo inayoamua uso uwe na mwangaza gani na rangi gani. Ikifundishwa kwa nyuso za aina moja, inarudi kulekule. Tecno walilijua hilo wakazitangaza kamera zao Afrika kwa ahadi ya kuipiga ngozi nyeusi vizuri. Google ilileta Real Tone kwenye Pixel 6 mwaka 2021, na mwaka 2022 ikachapisha kipimo cha rangi 10 za ngozi kilichobuniwa pamoja na mwanasosholojia Ellis Monk. Ni hatua. Lakini usisahau ilichukua miaka mingapi kutoka 1954.

Haya, tufanye nini?

Historia bila kazi ni porojo, kwa hiyo chukua haya:

1. Usiifute profaili. Programu nyingi za kupunguza ukubwa wa picha huondoa taarifa zote za ziada, na profaili inaondoka nazo. Picha ya P3 ikipoteza profaili inasomwa kama sRGB, na rangi zinafifia. Kama unaandika kodi ya kupokea picha za wateja, *geuza* kwenda sRGB kwanza, ndipo ufute.

2. Kwa wavuti, sRGB bado ndiyo salama. Kufikia 2023 vivinjari vikubwa vilikubali rangi za P3 kwenye CSS, lakini weka sRGB kama akiba kwa simu ya mtu wa kawaida.

3. Kwa uchapishaji, muulize fundi profaili ya mashine na karatasi yake kabla hujaanza kubuni. Akikutazama kama umeongea Kichina, lipia nakala moja ya majaribio kabla ya elfu moja. Mabango ya rangi za chama hayarudishwi.

4. Ukipima nuru kwa hesabu, kumbuka 128 si nusu. Kwenye sRGB ni takriban asilimia 22 ya nuru, nusu halisi iko karibu na 188. Ukipunguza au kuchanganya picha bila kujua hilo, unaharibu vivuli kwanza, na umeshaona ni nyuso za nani hukaa kwenye vivuli.

5. Kila ukiandika thamani ya kawaida, uliza: kawaida ya nani? Kisha ijaribu kwa uso wa mama yako, wa jirani yako, na wa mtu ambaye hakuwepo chumbani ulipoiandika.

Hili la tano halihitaji mashine wala profaili. Mengine, kama kuna palipokuwa na ukungu, uliza, tutaelimishana. Siku njema.